Jinsi ya kusomea huduma ya wazee mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi

Swali ni lilelile, leo linatoka Masasi, kesho Kilwa, keshokutwa kwa kijana wa jirani hapa Mtwara mjini: "Dada, nasikia unasoma mambo ya wazee kwenye simu. Na mimi naanzia wapi?" Nimelijibu barazani, nimelijibu kwa ujumbe, nimelijibu nikiwa foleni ya dawa. Sasa naliandika lote, ukisoma hapa huna haja ya kunisubiri.

Elimu yenyewe inaitwa jerontolojia, yaani elimu ya uzee: mwili unavyobadilika, akili, kipato, familia na haki za mzee. Isichanganywe na jeriatria, ambayo ni tiba ya wazee na ni kazi ya madaktari. Kwa kuanzia, nadharia hiyo inatosha.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi: usisome bila mzee. Kozi nyingi za mtandaoni zimetungwa na watu wanaohudumia wazee kwenye nyumba zenye lifti, vitanda vya umeme na kengele ukutani. Mzee wako wewe yuko Tandahimba, analala kitanda cha kamba, choo kiko nyuma ya nyumba, na watoto wako kwenye mikorosho tangu alfajiri. Kozi itakupa majina ya mambo na sababu zake. Kazi yenyewe utaifundishwa na mzee.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu janja yenye nafasi ya kutosha kuhifadhi video, na spika za masikioni. Kompyuta ni nzuri ukiwa nayo, lakini mimi nilimaliza kozi tatu bila kuigusa.
- Pawabenki au sola ndogo. Umeme wetu unaujua.
- Barua pepe unayoikumbuka nywila yake. Usitumie ya rafiki wala ya mtu wa steshenari.
- Jina moja. Liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na cheti chako cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Mtu aliyejisajili kama "Mwanahawa Mtwara Queen" cheti kitatoka hivyohivyo, na hakuna mwajiri atakayekipokea.
- Kiingereza cha kusoma. Si lazima ukizungumze vizuri, ila uweze kufuata ukurasa mmoja ukiwa na kamusi.
- Madaftari mawili: moja la masomo, moja la mzee.
- Saa tano au sita kwa wiki, zilizotengwa na kujulikana na watu wa nyumbani.

Msimu wa korosho usijidanganye. Kama familia yako inaokota, basi Oktoba na Novemba hutasoma kitu. Panga kozi ya bure miezi ya mvua, na ile ya kulipia uianze baada ya malipo ya mnada kuingia.

Hatua kwa hatua

1. Amua unataka kufika wapi, kisha ndipo uchague kozi.

Watu huanza kinyume. Wanaona tangazo la kozi, wanajiandikisha, halafu wanauliza itawapeleka wapi. Ukiwa hapa kwetu milango ni minne.

Wa kwanza ni kuhudumia wazee majumbani kwa malipo. Wenye uwezo Dar wana wazazi Newala na Nachingwea, na wanatafuta mtu wa kumwamini. Hapa kozi fupi pamoja na sifa yako mtaani vinaweza kutosha. Wa pili ni uhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali iliuzindulia mpango mpya Januari 2024 na una mafunzo yake maalumu. Nafasi hutangazwa kupitia halmashauri na serikali za vijiji, kwa hiyo mjue mtendaji wako. Wa tatu ni ustawi wa jamii: afisa ustawi ndiye anayeshughulika na wazee kwenye halmashauri, na kazi hiyo inataka stashahada au shahada inayotambulika nchini. Wa nne ni uuguzi, ambao hausomewi kwenye simu. Unataka chuo, wodi, na usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Chagua mlango mmoja, uandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

2. Mtafute mzee wako.

Awe bibi, babu, jirani, yeyote aliyevuka miaka 60 ambaye utamtembelea kila wiki. Piga hodi, toa shikamoo, kaa, zungumza mengine kwanza. Siku ya pili ndiyo umweleze: "Bibi, nasoma namna ya kuwatunza wazee, naomba uwe mwalimu wangu." Omba pia ruhusa kwa watoto wake. Wengi hufurahi, maana ni muda mrefu hakuna aliyewaomba wafundishe kitu.

Onyo: usipige picha ya mzee ukaiweka kwenye status, hata kama amecheka na kukubali. Hajui inakwenda kwa nani. Heshima yake ni sehemu ya masomo yako.

3. Anza na kozi za bure, tena moja kwa wakati.

Mimi huwaelekeza watu kwenye kituo cha Wicking cha Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia. Wana kozi mbili za bure kuhusu dimensia, ule ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee: moja ya kuuelewa, nyingine ya kuukinga. Cheti cha kumaliza nacho ni bure. Hufunguliwa kwa vipindi maalumu vya mwaka, kwa hiyo ukikuta zimefungwa acha barua pepe yako wakukumbushe.

Ya pili ni OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, yenye kozi fupi za huduma na afya unazosoma kwa mwendo wako. Ya tatu ni Shirika la Afya Duniani. Wana mwongozo wa huduma jumuishi kwa wazee uitwao ICOPE, unaoangalia mambo sita: mwendo, lishe, macho, masikio, akili na hali ya moyo, yaani huzuni na unyonge. Wana pia iSupport, iliyoandikwa kwa ajili ya ndugu wanaomtunza mgonjwa wa dimensia nyumbani. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote kwa sababu inazungumza na mtoto aliyechoka usiku wa manane, haizungumzi na daktari.

Coursera na edX, tovuti zinazokusanya kozi za vyuo vikuu vingi, zina kozi nzuri za uzee, lakini cheti chao hulipiwa. Coursera ina fomu ya kuomba msaada wa ada. Ijaze kwa ukweli, ueleze kipato chako na kwa nini unasoma. Kulipa, kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu kupitia pochi yako ya pesa hufanya kazi sehemu nyingi. Weka humo kiasi cha kozi tu, ukilipa uifunge.

4. Pakua mara moja, soma mara nyingi.

Bando la usiku ni la kupakua. Punguza ubora wa video hadi chini, maana unachohitaji ni sauti na maneno. Chini ya video nyingi kuna maandishi ya yote yaliyosemwa. Yahifadhi hayo, ni mepesi na yanasomeka hata ukiwa ndani ya Hiace ya Masasi.

Kila neno geni lipe Kiswahili chake siku hiyohiyo, tena Kiswahili cha kumwambia mzee. Vidonda vya kulalia. Kushindwa kuzuia mkojo. Kudhoofika. Kama huwezi kumweleza bibi yako neno hilo bila kutumia Kiingereza, bado hujalielewa.

5. Peleka kila somo kwa mzee.

Hapa ndipo kazi ilipo, nami nitakaa kidogo.

Mwendo. Kuna kipimo rahisi sana: mzee anakaa kwenye kiti, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Unahesabu kwa saa ya simu. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Bakora yake aitumie kama kawaida. Pima mita zako kwa kamba, na tumia kiti cha kawaida, kwa sababu kigoda kitamchelewesha hata mzee mwenye nguvu. Bibi yangu wa masomo alitumia sekunde 21, na aliposhika ukuta wakati wa kugeuka nikajua ni wapi ataanguka: njia ya chooni, usiku, pale inapopinda. Tulifunga kamba ya mkonge kutoka mlangoni hadi chooni, aishike akienda. Kozi ilisema wafungiwe vyuma ukutani. Kamba imefanya kazi ileile.

Ngozi. Mzee asiyeinuka kitandani ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, na uangalie visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Video zitakuonyesha alama nyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani! Gusa kwa mgongo wa kiganja. Pakiwa pamoto kuliko pembeni, pagumu, au peusi zaidi ya ngozi nyingine, kidonda kimeanza chini kwa chini. Mlaze upande mwingine, usipasugue.

Masikio. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza uzeeni. Ukipiga kelele sauti yako inapanda juu, na mzee anazidi kutokusikia, tena anadhani umemkasirikia. Kaa mbele yake penye mwanga, shusha sauti iwe nzito, sema polepole.

Kula. Nilikuwa namlisha bibi mmoja wa Kimakonde aliyevaa ndonya ujanani, lile pambo la kutoboa mdomo, na uzeeni ameitoa. Uji wa kikombe ulikuwa unamtiririka kidevuni kila akinywa. Daftari langu la kozi lilinielekeza kwenye matatizo ya kumeza, nami nikaandika hivyo kwa mwandiko mzuri. Bibi akaniangalia, akavuta mdomo wake wa juu kwa vidole viwili akanionyesha tundu. Alikuwa anameza vizuri kabisa. Nilibadilisha kikombe nikaleta kijiko, uji ukawa mzito kidogo, na tangu siku hiyo anakula bila kufungiwa kitambaa shingoni kama mtoto, jambo ambalo lilimuumiza na hakuwahi kulisema.

Akili. Kozi za nje zitakufundisha kumwambia mzee achore saa, au ataje tarehe ya leo. Mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa, nawe utaandika ana dimensia. Usifanye hivyo. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya watu kama hao, na ndani yake mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano badala ya kuchora. Utafiti wa huko huko Hai ulikuta dimensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Ukiona mzee anapotea njia ya nyumbani au anamshuku mwanawe kwa wizi, kumbuka ugonjwa upo Tanzania na una jina. Majirani watasema amelogwa, au vibaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi. Kazi yako ni kueleza, kwa utulivu, mara nyingi.

Hata hivyo, aliyechanganyikiwa ghafla, jana mzima na leo hajui yuko wapi, huyo apelekwe hospitali leo hii. Inaweza kuwa malaria, mkojo mchafu, upungufu wa maji au dawa. Dimensia haiji usiku mmoja.

Dawa. Mwombe akuonyeshe mfuko wake wa dawa. Andika kila kitu: jina, anakunywa lini, alipewa na nani. Mara nyingi utakuta diklofenaki ya maumivu ya magoti ikiliwa kila siku sambamba na dawa ya presha, wakati dawa za aina hiyo hupandisha presha na kuumiza figo na tumbo. Wewe usimwachishe dawa yoyote. Peleka orodha yako kwa mganga wa zahanati au hospitali, yeye aamue.

6. Jifunze mifumo ya hapa, maana hakuna kozi ya nje itakayokufundisha.

Tafuta Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 uisome. Ndiyo inayomtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ndiyo chimbuko la matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Ujue kitambulisho cha matibabu cha mzee kinapatikanaje kwenye halmashauri yako, dirisha la wazee liko wapi kwenye hospitali unayoitumia, nani ni mwenyekiti wa baraza la wazee la kijiji, na kaya za TASAF zinaandikishwaje. Zanzibar wana pensheni ya kila mzee wa miaka 70 na zaidi tangu 2016. Huku bara hatuna, kwa hiyo usimwahidi mzee kitu ulichokisoma cha Unguja.

Nenda ukajitambulishe kwa afisa ustawi wa jamii. Nenda na daftari. Mimi nilimsaidia mzee mmoja kupata kitambulisho kwa safari tatu za ofisini, na katika safari hizo nilijifunza zaidi ya nilichopata kwenye moduli nzima ya sera.

7. Ukishajua unaipenda kazi hii, tafuta cheti kinachotambulika.

Kwa anayetaka mlango wa ustawi wa jamii bila kuhama, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo Mtwara na Lindi na kinafundisha kwa masafa. Fika kituoni uulize sifa za kujiunga, kwa sababu anayejiunga na shahada na anayeanzia chini hawapiti njia moja. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, Dar, kwa wanaoweza kwenda. Shahada za uzamili za jerontolojia kwa mtandao zipo nje, kwa mfano Southampton ya Uingereza na USC ya Marekani, lakini ada yake ni kubwa na zinataka uwe tayari na shahada.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, uliza nani anaitambua tuzo hiyo. Vyuo vikuu, na vyeti vya vyuo vikuu vya nje, ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya kati ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Nilijifunza hili kwa fedha za korosho. Nililipia "diploma ya wiki mbili" ya chuo kimoja cha mtandaoni, kikanitumia cheti chenye muhuri wa dhahabu. Kwenye usaili mama mmoja alikigeuza mbele na nyuma, akaniuliza kwa upole kimesajiliwa wapi, nikakosa la kusema.

8. Omba kazi ukiwa na daftari mkononi.

Daftari la mzee ndilo ushahidi wako: tarehe, ulichoona, ulichofanya, kilichobadilika. Futa majina ya watu kabla ya kumwonyesha yeyote. Ukipata kazi ya nyumbani, andikianeni: saa za kazi, siku ya mapumziko, nani ananunua dawa, nani anapigiwa simu usiku. Walio Dar hupenda kusema "tutaelewana". Andikeni.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuchoma sindano au kuweka mpira wa mkojo kwa sababu uliona video. Huo ni uuguzi, na kuufanya bila usajili ni kosa la kisheria na hatari kwa mzee.

Kukusanya vyeti. Kumi vya kusikiliza video havizidi kimoja chenye miezi sita ya daftari.

Kumlipa wakala anayekuahidi kazi ya kutunza wazee Ulaya. Uingereza, ambako wengi walikuwa wanaahidiwa, ilifunga tarehe 22 Julai 2025 njia ya waajiri kuleta wahudumu wapya kutoka nje. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuuzia hewa.

Kumwita mzee "mtoto wangu". Najua inatoka kwa upendo, lakini mzee aliyelea watoto saba hajawa mtoto kwa sababu anasaidiwa kuvaa shati.

Mambo yakikwama

*Sielewi lafudhi ya mwalimu.* Washa maandishi chini ya video, soma kwanza, kisha sikiliza.

*Nimechelewa na tarehe za kozi zimepita.* Coursera inakuruhusu kusogeza tarehe. Kozi yenye kipindi maalumu ikifungwa, subiri awamu ijayo. Usifungue akaunti mpya kwa jina jingine.

*Familia inaona napoteza muda kwenye simu.* Waonyeshe kazi. Baba yangu alinyamaza siku nilipomshauri namna ya kuinuka kitandani: ageukie ubavu, ashushe miguu, akae kidogo, ndipo asimame, asipate kizunguzungu. Sasa ananiuliza nimesoma nini leo.

*Mzee hataki kuoshwa na mimi.* Kama wewe ni mwanamume na yeye ni bibi, ana haki. Hata jinsia zikilingana, anza na mikono na miguu, mwache avae kanga yake, osha chini ya nguo. Akikataa leo, rudi kesho.

*Mzee wangu wa masomo amefariki.* Hili lilinipata nikiwa wiki ya tano ya kozi. Nilishindwa kufungua video, kila mfano ulikuwa yeye. Nenda msibani kama ndugu, saidia kupika, usiwe na daftari. Kumbukumbu zake usizifute, zifunge uziweke. Kozi isogeze mbele hadi arobaini ipite, halafu ukifungua tena anza na somo ulilosoma naye mara ya mwisho. Mimi nilianzia pale kwenye mita tatu na kiti, kwa babu wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa amemwona bibi akipimwa na alishasema na yeye anataka zamu yake.